Muda wa Salamu Maria Moja

Siku ya kuanua matanga ya Leonard, vitu vyake vilitandazwa juu ya mkeka mbele ya nyumba kama bidhaa za gulio: koti la mvua, redio, panga mbili, viatu vya ngozi alivyovivaa Pasaka na Krismasi tu, na kamera. Mjane wake, Magdalena, alikaa na wanawake upande wa jikoni, akatazama. Nyumba hakuna aliyeigusa, kwa sababu ilijengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake Magdalena, na huku Mgeta hata mlevi anajua kwamba ardhi hufuata titi la mama. Lakini vitu vya mwanamume navyo hufuata titi la mama yake yeye. Ndiyo mila, na siku hiyo mila ilisema kwa kinywa cha Mzee Joseph, mjomba wa marehemu.

Mzee Joseph aligawa bila papara, vitu vikaondoka kimoja kimoja. Alipofika kwenye kamera aliiinua kwa vidole viwili, akaigeuza, akaiweka chini tena.

"Hii ni ya mpwa wake. Fransisko, njoo."

Fransisko alikuwa mtoto wa Witness, dada yake Leonard. Aliendesha bodaboda Morogoro mjini, alikuwa na simu mbili na maneno mengi, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Alitabasamu kama mtu aliyeokota embe bila kurusha jiwe.

"Mjomba, naomba kusema," Magdalena alisema.

"Sema, mama."

"Hiyo kamera ndiyo jembe langu. Leonard ameugua miaka minne. Miaka yote hiyo anayepiga ni mimi. Kabichi zinatulisha, lakini kamera ndiyo imemweka Pendo bweni."

Mzee Joseph hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Jembe hilo, mwanangu, uliolewa nalo?"

"Hapana, mjomba."

"Ulilikuta kwa mumeo."

"Ndiyo."

"Basi. Mimi sikuonei. Na mimi nikifa, vyangu havitabaki kwa mke wangu."

Wanaume wakaitikia. Witness akaingia ndani bila kubisha hodi, akatoka na chaja na mkoba mdogo wa kamera, akaupekua mbele za watu kama askari wa getini. "Wifi, betri ziko wapi? Naona chaja tupu."

Magdalena aliinama, akafungua pindo la kanga iliyofungwa kifuani chini ya blauzi, akatoa betri mbili za akiba; ya tatu ilikuwa ndani ya kamera. Zilikuwa na joto la mwili wake. Wanaume walicheka, na mmoja akasema kumbe kamera hiyo ilikuwa ikinyonyeshwa. Fransisko alizipokea huku anacheka, akazitupia mfuko wa nje wa jaketi, na Magdalena akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Hapo ndipo angeweza kusema. Angesema: mwanangu, huku kwetu baridi inaziua, ziweke kifuani. Akafunga pindo la kanga yake, tupu, akanyamaza.

* * *

Ilikuwa kamera ndogo, nyeusi, ya kutosha kiganjani, na ukiiona usingeipa hata shilingi. Haikuvuta kitu cha mbali kikaja karibu. Haikuwa na flashi. Mzungu mmoja mtafiti wa mimea, ambaye Leonard alimbebea mizigo msituni misimu mitatu, alimwachia alipoondoka, akamwambia kwamba duniani ni watu wachache wanaoitaka kamera ya namna hii, na wale wanaoitaka hawataki nyingine. Leonard alikaa nayo miezi sita akigombana nayo. Kisha wakazoeana, kama watu wanavyozoea mkwe mwenye masharti.

Masharti yalikuwa haya. Kivulini iligeuza watu wote wakawa kijani kama waliokula sumu, na gizani haikuona kitu. Ilitaka jua la asubuhi, kigoda cha kuiwekea, na mtu asiyetikisika. Betri yake haikumaliza picha arobaini, na wakati wa kipupwe ilizimika ikiwa bado imejaa, mpaka uipashe joto mwilini. Na kubwa kuliko yote: ukishabonyeza, ilikaa kimya ikiihifadhi picha, kitaa chekundu kikipepesa nyuma, na mpaka kitaa kizime haikutaka kuguswa. Ukifungua mlango wa betri kabla, picha imekwenda na maji. Leonard alipima muda huo akaona ni Salamu Maria moja isiyo na haraka. Basi kila aliyekaa kupigwa picha alisalishwa. Mzee anabonyezewa, kisha anasali pamoja na mpiga picha mpaka Amina, kisha anaambiwa pumua. Watu walidhani ni uchaji wa Mungu.

Lakini picha iliyotoka! Ungeweza kuikuza ikawa kubwa kama mlango, na bado ukahesabu nywele za nyusi. Wazee wa vijiji vya juu walikuja mmoja mmoja kupigwa picha ile watakayotangulizwa nayo siku ya kwenda kaburini, maana hakuna aliyetaka kutangulizwa na picha ya simu iliyokuzwa. Leonard mwenyewe alipigwa picha na Magdalena. Siku ya mazishi yake picha ilibebwa mbele ya jeneza, na mtoto mmoja wa jirani akaiamkia shikamoo. Watu walilia upya.

Kamera ya namna hiyo Fransisko aliipeleka kwenye sherehe za Kipaimara, ndani ya ukumbi, jioni.

Habari zilipanda mlimani kabla ya mwenyewe. Picha zilitoka nyeusi, na zilizoona mwanga zilitoka kijani. Mama mmoja alidai arudishiwe hela yake mbele ya padri. Wiki iliyofuata Fransisko alijaribu harusi, betri zote zikafa kabla bibi harusi hajashuka garini. Ahmadi, mwenye studio mjini, ambaye kompyuta yake kuukuu ndiyo pekee iliyoweza kuzifungua picha za kamera ile, alimwambia hakuna kitu cha kusafisha humo. Kwenye gulio la Nyandira watu walishasema lao: kamera ya marehemu imemkataa mpwa. Wengine walikwenda mbele zaidi wakasema marehemu hana kosa, ni mjane ndiye ameifunga. Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Witness.

Magdalena alisikia yote akipanga karoti kwenye fungu. Ukweli usemwe. Moyo wake ulifurahi. Aliona aibu kwa kufurahi, kisha akafurahi tena.

"Mama, si umwambie tu?" Pendo aliuliza, amekuja nyumbani likizo. "Mambo yenyewe matatu, manne."

"Hajaniuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

"Na asiyesema je?"

"Kamenye viazi."

Jumapili ya wiki hiyo Fransisko akaja. Aliegesha pikipiki mbali, akatembea, na hodi yake ilikuwa ya mtu aliyepoteza kitu.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Alikaa, akaiweka kamera mapajani. "Anti, mimi nimeshindwa. Niambie ukweli, hii kitu ina nini? Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Pendo alikuwa mlangoni na beseni la viazi. Alimtazama mama yake.

Magdalena alikuwa akiisubiri siku hii, na katika mawazo yake siku hii ilikuwa tamu. Angejifanya mgumu kidogo, kisha angesema: niachie niwe napiga mimi, tugawane. Lakini alipoiona imelala mapajani kwa kijana, kona yake moja imebonyea, mkanda aliousuka Leonard umekatwa, hasira ilimpanda.

"Mimi nilikuwa nabonyeza tu, baba," alisema. "Ikitoka, imetoka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Fransisko alikunywa chai, akashukuru, akaondoka. Pendo alimenya viazi vyote vya beseni, hata vya kesho.

* * *

Mwezi wa saba Mzee Joseph alianza kuvimba miguu. Zahanati walimpa dawa na kumwambia apelekwe mjini. Yeye akasema mjini watu wanakwenda kufa ghali. Alichotaka ni picha. Alikuwa ameiahirisha miaka yote, akiwacheka wenzake waliokimbilia kupigwa kama wanaoomba wafe. Sasa alitaka, na alitaka mapema.

Watu wa ukoo walikusanyika kwake asubuhi yenye ukungu, baridi ya kuuma meno. Magdalena alikwenda kusaidia jikoni, kama mke wa ukoo anavyotakiwa. Jirani mmoja alithubutu kusema, "Kwa nini asipige mama Pendo? Mkono umeshazoea."

Mzee Joseph alitikisa kichwa. "Kamera nimempa Fransisko mbele za watu. Nikimpa mwingine aipige leo, nimeyala matapishi yangu. Apige mwenyewe."

Walimtoa nje wakamkalisha kwenye kiti, kanzu nyeupe, koti jeusi juu, rozari mkononi. Jua lilitokeza kidogo juu ya mgongo wa mlima, na kwa dakika chache uwanja ukawa na mwanga ule ule ambao Leonard alikuwa akiuita mwanga wa Mungu. Magdalena alisimama na sufuria ya uji mlangoni. Mzee alimwona.

"Mama Pendo, wewe unayajua haya. Nimekaa vizuri?"

Aliweka sufuria chini, akaenda, akamnyoosha kola, akamgeuza bega kidogo jua limpate shavuni. Alisikia pumzi yake fupi. "Umekaa vizuri, mjomba. Usitikisike."

"Sitikisiki. Nitikisike niende wapi?"

Watu walicheka. Fransisko, angalau hilo alikuwa amejifunza, aliiweka kamera juu ya kigoda, akabonyeza. Picha ilipigwa. Magdalena alijua kwa mlio wake kwamba ilikuwa nzuri, nzuri kuliko pengine zote alizowahi kupiga yeye. Kitaa chekundu kikaanza kupepesa.

Fransisko aliminya kitufe tena. Kimya. Akaminya kingine. Kioo kilikuwa cheusi.

"Imeganda tena hii," alinong'ona.

Simu yake ikiganda alifanyaje? Aliitoa betri. Kila mwenye simu hapo uwanjani angefanya hivyo hivyo. Magdalena aliuona ukucha wake ukielekea kwenye mlango mdogo wa chini. Walitengana kwa hatua tatu tu. Neno lenyewe lilikuwa moja, na hata mtoto analijua: subiri. Lilimfika ulimini. Akaona kwamba akilisema, wote watageuka, na Witness atauliza ulijuaje, na Fransisko atajua yote, na kamera haitarudi nyumbani kwake tena mpaka mwisho wa dunia.

Mlango ukafunguka. Kitaa kikazima.

"Imetoka?" Mzee Joseph aliuliza bila kutikisa hata midomo sana.

Fransisko alirudisha betri. Kamera haikuwaka, betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Alijaribu zile mbili za mfukoni, nazo baridi kama kokoto za mtoni. Bado palikuwa na nafasi. Magdalena angezitia kifuani, dakika kumi, zingefufuka, na jua lilikuwa lingalipo.

"Imo ndani, babu," Fransisko alisema. "Nitaipeleka kwa Ahmadi."

"Ahsante, mjukuu wangu. Sasa nirudisheni ndani, nasikia baridi."

Magdalena aliokota sufuria yake. Uji ulikuwa umeshika ngozi juu, akaukoroga, akawagawia watu.

* * *

Mzee Joseph alifariki siku ya sita. Fransisko alikwenda kwa Ahmadi na memori kadi, akarudi mikono mitupu. Muda wa kutafuta picha nyingine haukuwepo. Wakachukua picha ya kitambulisho chake cha taifa wakaikuza.

Siku ya mazishi picha hiyo ilitangulia jeneza kwenye fremu ya dhahabu. Sura ilikuwa imevunjika vipande vipande kama ukuta wa matofali mabichi, jicho moja halipo. Kwenye kona ya njia mtoto aliuliza, "Huyo ni nani?" Mama yake akamfinya. Mjane wa Mzee Joseph aliitazama mara moja tu, kisha akaomba igeuzwe.

Wiki moja baada ya hapo Fransisko alifika kwa Magdalena, hakukaa. Aliweka mkoba kwenye kizingiti. "Anti, chukua. Mama amesema ni mkosi, nisiilaze hata siku moja nyumbani. Ukitaka itupe."

Kamera ilirudi hivyo, bila kikao, bila mtu kuidai. Magdalena aliifuta vumbi, akasuka mkanda mpya, akafunga betri tatu kwenye pindo la kanga. Kesho yake alfajiri alilipiga picha jani la kabichi lenye umande, akasali Salamu Maria kimoyomoyo, na jani likatoka kila mshipa mahali pake. Alitegemea kufurahi. Alikaa kwenye kigoda mpaka umande ukakauka.

* * *

Witness alikuja mwezi wa tisa, peke yake, amevaa gauni la sikukuu. Aliingia na kabichi mbili za kushika mkononi, kwa mtu mwenye shamba zima la kabichi.

"Wifi, nimekuja," alisema. "Na ninajua niliyoyasema gulioni."

"Karibu, wifi. Yamepita."

"Hayajapita, ila nimekuja. Mimi sitaki kubebwa kama alivyobebwa mjomba. Kila nikifumba macho naiona ile picha. Nipige. Bei sema yoyote."

Magdalena hakusema bei. Alitoa kiti nje, upande jua linakoangukia, akamkalisha. Pendo alileta kigoda, kisha akasimama kando, mikono nyuma. Magdalena alitoa betri moja kifuani akaitia kwenye kamera. Witness aliifuata kwa macho betri ile ikitoka kwenye kanga, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Kumbe mnazipasha moto," alisema.

"Zinakufa kwa baridi."

Witness alijinyoosha kwenye kiti.

Angeweza kuhesabu moyoni. Hilo Magdalena alikuwa amelifikiria usiku mwingi: kuanzia sasa atawahesabia watu moyoni, wasijue wanasubiri nini, na siku ile ya kanzu nyeupe itazama yenyewe. Alichungulia. Kwenye kioo wifi yake alikuwa mwanamke aliyechoka, anayeogopa kufa vibaya, aliyekuja mwenyewe kukaa pale alipoelekezwa.

Akabonyeza. Kitaa chekundu kikaanza kupepesa.

"Sasa tusali," alisema kwa sauti. "Usitikisike. Salamu Maria, umejaa neema..."

Witness aliitikia kwa mazoea, midomo ikicheza kidogo. Walikwenda pamoja mpaka katikati. Kisha macho yake yakatua kwenye uso wa Magdalena. Kamera ilikuwa imemgeuzia lenzi, kitaa kikiwa nyuma, lakini wekundu wa kitaa aliuona ukipepesa kwenye kidole gumba cha wifi yake.

"Tunasali kwa nini?"

"Ndio muda wake. Mpaka sala iishe, haitaki kuguswa. Ukiifungua kabla, picha inapotea."

Kuku alipita uwanjani. Pendo alitazama chini.

"Ulikuwa unajua," Witness alisema polepole. "Ulikuwa umesimama na sufuria. Ulimnyoosha kola."

"Nilikuwa najua."

"Na mwanangu alikuja kukuuliza."

"Alikuja. Nikamdanganya."

Magdalena alingoja ainuke. Alingoja matusi, kofi, kelele za kuita majirani. Angeyapokea yote, na mengine yangempunguzia mzigo. Machozi yalimshuka, hakuyafuta, mikono yake ilikuwa kwenye kamera.

Witness hakuinuka. Alikaa vile vile alivyokalishwa, bega likielekea jua, shingo imenyooka, na uso wake ukawa mgumu taratibu.

"Malizia sala, wifi," alisema. "Isije ikapotea na hii."

Magdalena alirudi pale walipoachia. Alifika kwenye "utuombee sisi wakosefu", sauti ikakwama, akaanza tena, ikakwama. Ikabidi Pendo ndiye amalizie.